Ufundi wa Kumsubiri Bakteria

Kinyama kinachokatwa ndani ya tumbo la mgonjwa kwa mpira wenye kamera hakizidi milimita chache. Kabla daktari wa patholojia hajakitazama, kimeshapita mikononi mwa watu kadhaa. Kinalowekwa kwenye formalini kisioze, kinatolewa maji kwa alkoholi, kinazamishwa ndani ya nta ya moto mpaka kigande nayo. Kisha fundi wa maabara anakikata kwa wembe wa mashine, vipande vya unene wa mikroni nne au tano, anaviacha vielee juu ya maji ya uvuguvugu, anavidaka kwa kioo na kuvipaka rangi. Wembe ukiwa butu kipande kinachanika, na maji yakizidi moto kinatawanyika. Anayeketi mbele ya hadubini anapokea matunda ya mikono hiyo yote, na kwa kawaida anazo dakika chache tu za kuyaangalia kabla ya kuvuta kioo kinachofuata.

Tarehe 11 Juni 1979, siku aliyotimiza miaka 42, Robin Warren wa Hospitali ya Royal Perth, magharibi mwa Australia, hakuvuta kioo kilichofuata. Juu ya utando wa tumbo, pale kwenye ute, aliona mstari hafifu wa bluu ambao haukutakiwa kuwepo. Akaongeza ukuzaji, akadondosha tone la mafuta juu ya kioo, akatazama kwa ukuzaji wa mara 1,000. Ule mstari ulikuwa bakteria, wengi, wamejipinda, wameng'ang'ania seli za juu. Akawaita wenzake. Hawakuona kitu, au walichokiona hakikuwashawishi.

Warren hakubishana nao kwa maneno. Aliomba kipande kingine kutoka kinyama kilekile kipakwe rangi ya fedha, mbinu ya Warthin na Starry iliyobuniwa zamani kwa ajili ya kuwatafuta bakteria wa kaswende. Mbinu hii inamtaka fundi awe na saa kichwani. Kioo kinawekwa kwenye maji ya nitrati ya fedha yaliyopashwa moto, kisha kinaingizwa kwenye dawa ya kusafishia kama ile ya picha za zamani. Ukikitoa mapema, bakteria hawajashika rangi. Ukichelewa kidogo, kioo chote kinakuwa cheusi na kazi imeharibika. Ukikitoa wakati wake, bakteria wanabaki weusi kabisa juu ya uwanja wa manjano na kahawia, na hapo hata asiyetaka kuona anaona.

Katika historia yote ya bakteria huyu, ambaye leo anaitwa H. pylori, sehemu hii ndiyo inayonivuta zaidi, kuliko hata Tuzo ya Nobel aliyoipata Warren mwaka 2005. Mtu ameona kitu ambacho vitabu vyote vya wakati wake vilikikataa, kwa kuwa ilijulikana kwamba asidi ya tumbo haiachi kiumbe hai. Anaweza kuandika makala ya kelele, au anaweza kunyamaza. Warren alichagua kazi ngumu kuliko zote mbili: kukaa na jambo lile kwa miaka miwili, kinyama baada ya kinyama, akiandika nani anao bakteria na utando wake ukoje.

Waliomtangulia hawakuwa vipofu. Giulio Bizzozero aliwaona bakteria waliojipinda ndani ya matumbo ya mbwa mwaka 1893. Mwaka 1954 daktari mmoja wa Marekani alichunguza vinyama zaidi ya 1,000, akatangaza kwamba hakuna bakteria wa kudumu tumboni, na watu wakamwamini. Tatizo kubwa lilikuwa malighafi. Kwa muda mrefu utando wa tumbo ulipatikana kutoka kwa maiti, na utando huo huoza haraka mno; kufika hadubinini umeshavurugika. Mipira inayojikunja ya kutazamia tumbo ilipoenea miaka ya 1970, madaktari wa patholojia walipata kwa wingi vinyama vibichi vilivyolowekwa mara tu baada ya kukatwa. Bila vifaa hivyo huenda Warren asingeona kitu.

Kulikuwa na jambo jingine kwenye vioo vyake, na ndilo linaloingia katika habari ya kinga ya mwili. Penye bakteria palikuwa pia na seli nyeupe za damu. Zilikuwa zimejipenyeza kwenye utando, nyingine zimefika mpaka shingoni mwa tezi za tumbo. Maana yake mwili ulikuwa umemwona mgeni na umetuma watu wake. Lakini mgeni yupo palepale, ametulia kwenye ute, na mgonjwa huenda amekaa naye tangu utotoni. Kinga inayomfikia adui na isimwondoe, kwa miaka 40 au 50, hilo si jambo dogo. Kuanzia kioo cha kwanza swali lilikuwa limeshaulizwa, ingawa ilichukua miaka mingi kupata watu wa kulishughulikia.

Mwaka 1981 alifika Barry Marshall, daktari kijana aliyekuwa katika mafunzo ya magonjwa ya ndani, akitafuta mradi wa utafiti. Warren alikuwa na vioo. Marshall alikuwa na wagonjwa. Mwaka 1982 walipanga kuwachunguza wagonjwa 100 mfululizo waliokuja kwa kipimo cha kamera, bila kuchagua. Kila mmoja alikatwa vinyama, kimoja kwa ajili ya hadubini, kimoja cha kuotesha bakteria.

Kuotesha kulishindikana. Wagonjwa zaidi ya 30 walipita na sahani zikabaki tupu. Bakteria hawakuwa wamekufa. Maabara ilifuata utaratibu wa kawaida: sahani isiyoonyesha kitu baada ya siku mbili inatupwa. Utaratibu huo ulifaa kwa vimelea vya koo na vya kinyesi, ambavyo hukua usiku mmoja. Kisha ikaja Pasaka. Maabara ilikuwa imezidiwa na kazi, watu wakaenda mapumziko, sahani za Marshall zikasahaulika ndani ya kabati la joto. Waliporudi baada ya sikukuu, juu ya damu iliyogandishwa kwenye sahani palikuwa na vidoa vidogo, angavu kama maji, ambavyo jicho lisilozoea lingevipita. Bakteria huyu anataka hewa yenye oksijeni kidogo, unyevunyevu, na siku tatu hadi tano au zaidi. Alikuwa akipewa siku mbili.

Watu husimulia Pasaka ile kama bahati. Mimi naona jina hilo halitoshi. Sahani zilizosahaulika zimekuwepo katika kila maabara duniani, na nyingi hufutwa na kuoshwa na mtu anayeona aibu kwa kuchelewa. Hawa walizitazama, wakapaka kioo, wakakiweka chini ya hadubini, wakamtambua yule yule wa kwenye rangi ya fedha. Tangu hapo wakabadili utaratibu wao ufuate mwendo wa bakteria.

Matokeo yalitoka katika jarida la The Lancet, kwanza kama barua mbili mwaka 1983, kisha makala kamili mwaka 1984. Kati ya wagonjwa 100, bakteria walionekana kwa 58. Walioteshwa kwa 11 tu. Wagonjwa wote 13 waliokuwa na kidonda kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba walikuwa nao. Ninaipenda ile 11 kwa namna ya pekee. Mwandishi mwenye haraka angeificha chini ya 58. Wao waliichapisha kama ilivyo, na ukiisoma unajua walikuwa bado wanajifunza kumlisha kiumbe wao.

Kisa cha Marshall kunywa bakteria mwaka 1984 kinajulikana sana. Alipimwa kwa kamera kwanza ili ithibitike tumbo lake ni zima, akanywa mchuzi wenye bakteria wapatao bilioni moja, na baada ya siku chache akaanza kichefuchefu, kutapika na kunuka mdomo. Kamera ya pili ilionyesha utando umevimba na bakteria wamejaa. Ushujaa huo ni wake na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini tukitazama kazi, kitu chenye thamani katika kisa kile ni ile kamera ya kwanza, iliyopigwa kabla ya kunywa. Bila hiyo angebaki mtu aliyekunywa kitu kichafu akaumwa. Tena alipochapisha mwaka 1985 hakudai zaidi ya alichopata: kuvimba kwa utando. Kidonda hakukipata na hakusema amekipata.

Kwetu Afrika Mashariki habari hii ina mguso wa karibu. Kwa vizazi, mwenye vidonda vya tumbo aliambiwa ni pilipili, ni mawazo, ni kutokula kwa wakati. Alikunywa maziwa na dawa za kupunguza asidi, akapata nafuu, akaumwa tena. Leo mgonjwa anaingia zahanati mjini na kusema mwenyewe, "Daktari, nipime H. pylori," naye anatumwa kutoa kinyesi au damu. Akikutwa naye, anapewa dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki mbili, mara nyingi kwa siku 14, na azimalize hata akijisikia mzima siku ya tano. Wengi hawajui kwamba bakteria huyu na sisi tumetoka mbali pamoja. Mwaka 2007 kundi la wanasayansi, miongoni mwao Mark Achtman, lililinganisha jeni za bakteria kutoka mataifa mbalimbali na kukadiria kwamba walisafiri kutoka Afrika Mashariki ndani ya matumbo ya binadamu miaka ipatayo 58,000 iliyopita, wakasambaa duniani kwa nyayo zilezile walizopita watu.

Kiumbe aliyeishi nasi muda wote huo amejifunza kukaa. Anavunja yurea na kutengeneza amonia, ambayo inazimua asidi inayomzunguka. Mikia yake inamsukuma ndani ya ute mpaka karibu na seli, ambako asidi ni hafifu. Kwa upande wa kinga, protini ya mikia hiyo imebadilika mahali ambapo mwili wetu huwatambulia bakteria wengine wenye mikia, kwa hiyo king'ora hakilii. Mafuta ya ukuta wake, ambayo kwa bakteria wengi huamsha homa kali, kwake ni mapole. Ukuta huo amejipamba kwa sukari zinazofanana na alama za makundi ya damu yetu. Na sumu anayoitoa, iitwayo VacA, inazifikia seli T za kinga na kuzizuia zisiongezeke.

Hayo yote yalipatikana kwa kazi ya maabara nyingi. Ila mtu ambaye mkono wake nimeufuatilia kwa mapenzi zaidi ni Anne Müller wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi. Yeye alishika kitu ambacho wengi walikipita: umri. Binadamu wengi huambukizwa wakiwa watoto, nyumbani, kutoka kwa mama au ndugu. Panya wa maabara, kinyume chake, walizoeleka kuambukizwa wakiwa wameshakomaa, kwa kuwa panya mkubwa ni rahisi kumshika. Kwa hiyo sayansi nzima ya kinga dhidi ya bakteria huyu ilikuwa ikiuliza kinachotokea mtu mzima anapokutana naye, wakati watu wazima wengi walikutana naye kabla hawajajua kutembea.

Müller na wenzake, akiwemo Isabelle Arnold, waliamua kuwaambukiza panya wa siku saba. Tafakari kazi hiyo. Panya wa siku saba hana manyoya ya kutosha, macho hayajafunguka, uzito wake ni gramu chache. Bakteria inabidi wafikishwe tumboni kwa sindano yenye ncha ya duara, kupitia koo jembamba, bila kuchubua, bila kumiminia mapafuni. Kisha kitoto kinarudishwa kwa mama yake, naye akisikia harufu ngeni anaweza kukikataa. Aliyefanikiwa hatua hizo bado hana jibu lolote. Anasubiri miezi panya akue. Mwishoni tumbo linafunguliwa na kugawanywa: sehemu moja inakwanguliwa na kuoteshwa ili vidoa vihesabiwe kimoja kimoja, nyingine inaingia kwenye nta na wembe uleule wa akina Warren, nyingine inapimwa seli za kinga zilizomo.

Walichokuta kilichapishwa mwaka 2011. Panya walioambukizwa wakubwa walipigana. Walipunguza idadi ya bakteria, lakini vita hiyo iliharibu utando wao wenyewe, na dalili za kuelekea saratani zikatokea. Walioambukizwa wachanga walikuwa na bakteria wengi zaidi, na matumbo yao yalikuwa karibu mazima. Mgeni akiingia nyumbani wakati mtoto angali mchanga, mtoto hukua akimwita ndugu. Kinga ya panya hawa haikuwa imeshindwa kumwona bakteria. Ilimwona na ikaamua kutompiga. Seli zilizoleta uamuzi huo ni seli T za udhibiti, ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine.

Hapo mtafiti wa kawaida angetosheka. Müller akauliza iwapo utulivu huo unaishia tumboni. Pamoja na kundi la Christian Taube wa Mainz, Ujerumani, waliwaandaa panya wapate pumu: waliwachoma protini ya ute wa yai ili mwili uichukie, kisha wakawavutisha hewa yenye protini hiyo. Panya wasio na bakteria mapafu yao yalijaa seli za mzio na njia za hewa zikabana. Walioambukizwa wachanga walipumua vizuri zaidi kwa mbali. Walioambukizwa wakubwa walipata kinga kidogo tu.

Uzuri wa utafiti huu kwangu uko katika namna walivyojishuku wenyewe. Labda si bakteria? Wakawapa panya antibiotiki, bakteria wakaisha, na kinga dhidi ya pumu ikaisha nayo. Labda si seli za udhibiti? Wakaziondoa, na pumu ikarudi. Labda zinahitaji msaada wa kitu kingine ndani ya panya yule? Wakazichukua seli hizo kutoka kwa panya aliyeambukizwa, wakazihamishia kwa panya ambaye hajawahi kumwona bakteria, na huyo naye akakingwa. Tena walirudia kwa vumbi la utitiri wa nyumbani badala ya protini ya yai, ili mtu asije akasema ni tabia ya yai tu. Kila jaribio kati ya haya linaanza upya na kitoto cha siku saba.

Baada ya hapo walishuka ngazi hadi ngazi. Mwaka 2012 walionyesha kwamba seli dendritiki, zile zinazoonja vitu vigeni na kuzifundisha seli T, zikikutana na bakteria huyu hutoa ujumbe uitwao IL-18, na bila ujumbe huo seli za udhibiti hazizaliwi vya kutosha. Mwaka 2013 walitaja vitu viwili vya bakteria vinavyozielekeza seli hizo, kimojawapo kikiwa ni VacA, ileile iliyojulikana kama sumu.

Binadamu si panya, na jambo hili lazima lisemwe wazi kwa sababu kuna anayesoma akiwa na kidonda. Bakteria huyu aliwekwa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani mwaka 1994, na mwenye vidonda anastahili kutibiwa mpaka apone. Watafiti Martin Blaser na Yu Chen walichambua takwimu za Wamarekani na kukuta kwamba waliokuwa na bakteria walipata pumu ya utotoni kwa uchache zaidi. Tafiti nyingine hazikuona uhusiano huo. Barani Afrika, ambako maambukizi ni mengi sana, saratani ya tumbo katika nchi nyingi haikuonekana kuwa nyingi kwa kiasi kilichotarajiwa. Wapo waliodhani minyoo inayobadili kinga ina mkono wake, na mwaka 2000 James Fox wa MIT alionyesha kwa panya kwamba minyoo inaweza kweli kupunguza madhara ya bakteria wa jamii hii. Wapo wanaosema ni upungufu wa vipimo na kumbukumbu za hospitali. Mimi naelemea upande wa pili mpaka tutakapokuwa na kamera za kutosha katika hospitali zetu za mikoa na kaunti, maana saratani isiyotazamwa haihesabiwi.

Warren alifariki Julai 2024, akiwa na miaka 87. Kazi aliyoianza inaendelea, na ile ya Zurich imekuwa ikirudi nyuma zaidi na zaidi katika umri. Müller na wenzake waliacha bakteria hai na kutumia dawa iliyotokana na bakteria waliosagwa, ambayo haiwezi kuleta kidonda. Vitoto vya panya vilivyopewa kuanzia wiki ya kwanza vilikingwa dhidi ya pumu. Mwaka 2019 walichapisha hatua iliyofuata. Safari hii dawa haikupewa kitoto kabisa. Walipewa panya wenye mimba, vikazaliwa vitoto ambavyo havijawahi kuguswa, vikaachwa vikue, kisha vikavutishwa hewa ya mzio. Mapafu yao yakaoshwa, maji yake yakawekwa chini ya hadubini, na seli zikahesabiwa. Zilikuwa chache.